Samaki wa Wimbo wa Kuagana

Tangu ile homa kubwa ipite, mke wa Mapafu alikuwa hasikii harufu ya kitu chochote. Homa ilikuja, ikamlaza, ikaondoka zake, lakini ilipoondoka ilichukua na pua. Ungeweza kukaanga vitunguu mbele ya uso wake asijue kama unapika au unafua. Na kwa kuwa chakula kisicho na harufu hakina tofauti na karatasi, akaanza kula kidogo, kisha kidogo zaidi, hadi ikafika siku ya kusukuma sahani bila hata kuiangalia.

"Kula kidogo, bibie," Mapafu alimwambia asubuhi ile, amekaa ukingoni mwa kitanda na bakuli la uji mkononi.

"Nimeshakula."

"Umekula nini?"

"Nilikula jana."

Binti yao, fundi cherehani, alikuwa akiwasikia kutoka chumba cha mbele, kilichokuwa sebule na karakana yake kwa pamoja. Alisimamisha mashine, akaja hadi mlangoni na futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Mama, Jumatatu tunakwenda kupimwa uzito. Daktari alisemaje? Ukipungua tena, anakulaza wodini anakupitishia mpira wa chakula puani."

"Apitishe tu. Pua yenyewe imebaki haina kazi."

Binti hakucheka. Alikuwa amekwisha kulipunguza gauni la kijani la mama yake mara mbili, na tangu juzi alijua kuwa lazima alipunguze tena. Aligeuka akarudi kwenye mashine akijifanya anatafuta uzi, na kwa muda mashine haikulia.

Mapafu aliweka uji chini, akachukua kidonge na maji. Mkewe alikimeza, akakunja uso wote, akatikisa kichwa kama mbuzi aliyemwagiwa maji.

"Dawa chungu hii! Mungu naye ana mambo yake. Utamu wote kauchukua, uchungu kaniachia."

Walicheka wote wawili, na hakuna aliyelifikiria neno hilo zaidi ya hapo.

Wakati huo gari la matangazo lilipita mtaani likinguruma. Tamasha la muziki la kiangazi, Jumamosi, uwanja wa maonyesho, bendi kubwa na ndogo, vyakula vya kila aina, njooni na watoto, njooni na wazee. Sauti ikakata kona ikafifia.

"Kumbe bado wanafanya?" mkewe aliuliza.

Mapafu alimtazama. Kwa majuma mengi mwanamke huyu alikuwa hajaulizia jambo lolote lililo nje ya dirisha lile.

"Wanafanya," alisema. "Tutakwenda."

"Nani aende? Wewe mwenyewe hukanyagi uwanja ule."

Hilo lilikuwa kweli. Mapafu lilikuwa jina la jukwaani, kwa sababu enzi zake alikuwa na pumzi ambayo watu walisema si ya binadamu mmoja. Alipuliza tarumbeta katika bendi ya mji kwa kiangazi baada ya kiangazi, mpaka meno ya mbele yalipoanza kulegea, moja likafuatiwa na jingine. Mpulizaji bila meno ya mbele hana pa kuegemeza midomo. Meno ya bandia yanafaa kwa nyama na kwa kupiga picha, si kwa tarumbeta. Basi tarumbeta likatundikwa msumarini juu ya cherehani, ndani ya mfuko ambao binti yake aliushona kwa vipande vya mapazia, na Mapafu akaacha kwenda tamashani. Alipoulizwa alisema ni kelele. Ukweli ni kwamba aliogopa mtu asije akamwambia, "Mzee, panda utupigie kidogo." Na zaidi ya hilo aliogopa asiwepo mtu wa kumwambia.

"Tutakwenda," alirudia, akainuka kabla hajabadili mawazo.

Alikwenda jikoni. Chini ya meza, limejaa vitunguu, lilikuwepo beseni la bati lenye maua ya buluu, limebanduka rangi ukingoni na mgongo wake umekuwa mweusi usiosafishika. Alivimwaga vitunguu, akalipangusa, akalitia katika mfuko mkubwa wa sokoni.

"Baba, hilo la nini?" binti aliuliza.

"La kunawia mikono."

"Siku hizi kuna mabomba, baba."

"Basi litanawa lenyewe."

* * *

Asiyeuona uwanja ule siku za nyuma hawezi kujua thamani ya beseni. Haukuwa na nyasi wakati huo. Ulikuwa udongo mtupu, na kiangazi kilipouchoma, watu wakaanza kucheza juu yake, vumbi lilipanda magotini, likapanda viunoni, mwisho likawa linacheza nao. Jukwaa la mbao lilikuwa upande mmoja, na upande wa pili ilipangwa safu ya wauza vyakula: viazi, nyama, mahindi, ndizi za kuchoma, mayai, na katikati samaki. Kila aliyekuwa na chakula juu ya makaa alikifunika kwa alichokuwa nacho. Mwenye sufuria alifunika kwa sufuria, mwenye sinia kwa sinia. Msichana mmoja wa samaki alifunika kwa beseni lenye maua ya buluu, na kwa sababu hiyo wanabendi walimwita Beseni kabla hata hawajajua kama ana jina jingine.

Sheria ya safu ile ilikuwa moja tu: watu wakicheza, kifuniko hakifunguliwi. Ukifungua, umewauzia watu mchanga. Kwa hiyo wapishi wa pale hawakupika kwa saa wala kwa kuchungulia. Walipika kwa nyimbo. Wimbo wa kukaribisha ulikuwa wa kuwashia makaa. Nyimbo mbili za haraka zilitosha viazi. Na kabla ya mapumziko, bendi ilipiga kila siku wimbo uleule wa kuagana, wa taratibu, wa watu kushikana viuno, na huo ndio uliokuwa wimbo wa samaki. Ukimya mfupi kabla ya wimbo, samaki wanageuzwa. Ngoma ikiingia, vifuniko vinashuka. Mwimbaji anaimba, tarumbeta linazunguka, yaani linapiga kipande chake, mara mbili, mwimbaji anarudi, na pale ngoma ya mwisho inapogonga, vifuniko vyote vinainuliwa kwa pamoja. Mvuke ulipanda safu nzima kama pazia, na watu, bado wameshikana mikono, waligeuka wote kwa mara moja kufuata pua zao.

Mapafu aliiona picha hiyo kutoka jukwaani mara nyingi kuliko alivyoona kitu kingine chochote kizuri duniani. Hata sasa, akifumba macho, aliweza kuona jinsi mikono ya wanawake wale ilivyonyanyuka pamoja bila mtu kuwahesabia.

Halafu ikaja siku ya shati jipya. Lilikuwa jeupe, lina kola kubwa, na mbele ya jukwaa alisimama binti mwenye gauni la njano akitazama juu kwa macho ya kuyeyuka. Mapafu alizunguka mara mbili kama desturi, kisha moyo ukamwambia zunguka tena. Kiongozi wa bendi, naye akiwa na furaha zake, aliinua kidole akachora duara hewani, ishara ya wapigaji yenye maana ya kurudi mwanzo wa kipande. Mapafu akazunguka. Kidole kikachora tena. Uwanja ukapagawa. Alipuliza kama mtu aliyeambiwa kesho hakuna hewa.

Kule safuni wanawake walisimama na mikono juu ya vifuniko vyao, macho jukwaani, wakingoja mwimbaji arudi. Mwimbaji hakurudi. Moshi wa makaa ya safu nzima ulikuwa mzito kiasi kwamba pua haikuweza kusema upi ni wa makaa na upi ni wa samaki. Ngoma ya mwisho ilipogonga, vifuniko viliinuka kwa pamoja kama kawaida, na badala ya mvuke ukapanda moshi mweusi. Samaki wote wa safu walikuwa makaa.

Beseni hakulia wala hakupiga kelele. Alimshika samaki mmoja mkia, akavuka uwanja mzima watu wakimpisha, akapanda ngazi za jukwaa.

"Nani kati yenu ndiye aliyesahau njia ya kurudi nyumbani?"

Wapigaji wote walimtazama Mapafu. Wenzako ni wepesi wa kukutoa kafara siku kama hiyo.

"Ni mimi, dada."

"Basi huyu ni wako. Mle."

"Mzima?"

"Wewe ulipiga nusu?"

Akala. Alikula mbele ya uwanja mzima, na shati jipya, watu wakimpigia makofi kwa kila tonge. Alipofika katikati machozi yakamtoka kwa ule uchungu. Msichana alimtazama, akavuta pumzi, akavunja kile kipande cha mkia akakitia kinywani mwake mwenyewe.

"Nikusaidie," alisema akitafuna. "Usije ukafia hapa wakasema samaki wangu wana sumu."

Hicho ndicho kilichokuwa chakula chao cha kwanza pamoja. Yule wa gauni la njano, kumbe, alikuwa akimtazama mpiga ngoma, na ndiye aliyemwoa. Kiangazi kilichofuata Beseni na Mapafu walikuwa mume na mke, na tangu hapo kila wimbo wa kuagana ulipopigwa, mpulizaji alikuwa na jicho moja safuni. Akizidisha kidogo tu, mkewe aligonga mgongo wa beseni kwa kijiko, ko-ko-ko, na uwanja mzima ulisikia tarumbeta likifunga virago na kurudi kwa mwimbaji. Watu walicheka, "Mapafu kaitwa nyumbani!"

* * *

Jumamosi binti yao aliwashusha kwa teksi langoni mchana jua likiwa limeanza kulegea. Alikuwa na nguo za harusi za kumaliza. Alimpa mama yake mkongojo, akampa baba yake kigoda cha kukunja, akasema atawafuata jua likizama.

"Baba, asikae juani."

"Nimekaa naye miaka yote hii hajayeyuka."

"Na asile vitu vya ajabu."

"Laiti angekula hata hivyo vya ajabu," Mapafu alijibu polepole, na binti akafunga mlango wa gari.

Uwanja ulikuwa na nyasi sasa, nyasi za kiangazi, yaani zilikuwepo pembeni tu na katikati palikuwa udongo uleule wa zamani. Jukwaa lilikuwa la vyuma, limezungukwa na spika ndefu kama makabati. Safu ya wauza vyakula ilikuwa palepale. Mapafu alifurahi kuliona hilo kuliko alivyotarajia.

Walianza kichwani mwa safu. Alinunua chipsi, mkewe akatafuna kimoja kwa muda mrefu, akampa Mapafu karatasi yote.

"Zikoje?"

"Za moto."

"Ladha yake?"

"Nimekwambia, za moto. Ndiyo ladha yake."

Alinunua soseji. Mkewe aliuma ncha akasimama akifikiri.

"Ni kama kutafuna kidole cha glavu," alisema. "Malizia."

Akamalizia. Akaja kuku wa kuchoma, vikaja vipande vya nanasi kwenye kikombe, ikaja aiskrimu iliyomfanya mkewe aseme kwamba baridi nayo ni kitu, angalau mtu anajua yuko hai. Kila kitu aligusa kwa ncha ya meno, kisha kikahamia kwa mumewe. Kufika katikati ya safu, mke alikuwa na njaa ileile aliyokuja nayo, na Mapafu alikuwa amefungua kifungo cha suruali kwa siri chini ya shati.

"Wewe uliniletea nile," mkewe alisema, "au uliniletea nikulishe?"

Alisema kwa mzaha, lakini sauti yake ilichoka kabla sentensi haijaisha. Mapafu alimfungulia kigoda akamketisha kivulini mwa kibanda cha mahindi. Aliutazama mkono wake uliolala mapajani. Bangili ya fedha, ambayo zamani ilihitaji sabuni kuvuka kiganja, ilikuwa imepanda hadi karibu na kiwiko. Jumatatu ilikuwa kesho kutwa.

Akamnunulia hindi, kwa kukosa la kufanya. Muuzaji alikuwa akiongea na simu na hindi lile lilikuwa limeungua upande mmoja likawa jeusi kabisa. Mapafu alitaka kulirudisha, lakini mkewe alikuwa amekwisha kulipokea. Alibandua punje moja ya manjano, akatafuna, akatema ganda. Akageuza hindi. Akabandua punje nyeusi. Akatafuna. Akabandua nyingine nyeusi, na nyingine. Alikuwa akitazama watu wanaocheza, wala hakujua vidole vyake vinafanya nini, na midomo yake ilikuwa nyeusi kama ya mtoto aliyekula makaa.

Mapafu alisimama kama aliyegongwa. Utamu wote kauchukua, uchungu kaniachia. Mwanamke huyu alikuwa amemwambia mwenyewe, kitandani, na yeye akacheka.

Hindi lilipoisha upande mweusi, mkewe aliliweka chini. Lakini alikuwa amepata nguvu, kwa sababu aligeuka akaanza kukosoa, na huyo alikuwa mkewe wa kweli.

"Mtazame yule binti wa samaki. Anafunua kila dakika. Anawalisha watu uwanja."

Katika kibanda cha pili, mwanamke kijana mwenye kilemba chekundu alikuwa akichoma samaki kwenye wavu mpana, amewafunika kwa karatasi ya fedha, na kila baada ya muda aliinua ukingo wa karatasi kuchungulia. Vumbi lilikuwa limeanza kupanda. Mteja mmoja alikuwa akirudisha sahani, akisema meno yake yanasaga mchanga.

"Shikamoo babu, shikamoo bibi. Samaki?" yule binti aliwauliza walipokaribia, akiwa na sura ya mtu ambaye siku imemwendea vibaya.

"Marahaba mjukuu. Mbona unawafunua watoto usingizini?" mke wa Mapafu alimwuliza.

"Nisipofunua nitajuaje kama wameiva, bibi?"

"Utasikia."

"Nitasikia nini?"

"Muziki, mwanangu. Nini kingine?"

Binti alimtazama Mapafu, kuuliza kama bibi huyu yuko sawa. Mapafu aliingiza mkono katika mfuko wa sokoni akatoa beseni.

Mkewe alilitazama kwa muda. Alilipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole juu ya ua la buluu ukingoni.

"Si ulimwambia mtoto ni la kunawia?"

"Nawa basi."

Bendi ya jioni ilikuwa imepanda, wote vijana, na mwimbaji wao alikuwa akisema kwenye kipaza sauti kuwa kabla ya mapumziko watapiga wimbo wa kuagana wa bendi ya zamani ya mji huu, wimbo wa baba zetu. Ngoma haikuwa imeingia bado, lakini mke wa Mapafu alikuwa amekwisha kunja mikono ya gauni.

"Mjukuu, nipe kona moja ya wavu wako. Kona tu. Na samaki wawili, wetu sisi, tutawalipia. Wengine wako waache na karatasi yao."

"Bibi, si utachoka?"

"Nimechoka kukaa."

Aliwageuza samaki katika ule ukimya mfupi, kila mmoja kwa mkupuo mmoja wa mkono, na ngoma ilipoingia beseni lilikuwa limeshuka. Aliweka kiganja juu ya mgongo wake mweusi, akasimama wima bila mkongojo. Mapafu alimtazama akawa haoni kibanda wala kilemba chekundu wala spika. Aliona msichana mwenye hasira na samaki mkononi akivuka uwanja.

Alijua la kufanya, na hakulipenda, kwa sababu ilibidi aende mbele ya jukwaa.

Akaenda. Alipenya kati ya wachezaji, mzee mwenye shati lililotoka nje na tumbo la soseji za mtu mwingine, hadi akafika mahali pale ambapo zamani alisimama yule wa gauni la njano. Hakuna aliyesema, "Mapafu!" Hakuna aliyesema, "Mzee, panda." Mpulizaji alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, na alipoanza kipande chake Mapafu alijikuta anakaza midomo juu ya meno yake ya bandia, bila kukusudia. Kijana hakuwa mbaya. Alivuta pumzi mahali ambapo Mapafu hakuwa akivuta, lakini hakuwa mbaya. Alizunguka mara moja. Alizunguka mara ya pili. Akaanza kumgeukia mwimbaji.

Mapafu aliinua kidole akachora duara.

Macho ya kijana yalikiona kile kidole. Hakumjua mzee huyu, hajawahi kumwona popote, lakini ishara aliijua, maana alifundishwa na mtu, na huyo naye alifundishwa na mtu. Hakusita. Alirudi mwanzo wa kipande kana kwamba kiongozi wake mwenyewe ndiye aliyemwamuru, na watu wakapiga mayowe. Mapafu akachora tena.

Alipogeuza shingo, aliona kule safuni mkewe anamtazama. Mkono mmoja ulikuwa juu ya beseni na mwingine umeshika kijiko, na kijiko kilikuwa kinapanda na kushuka. Ko-ko-ko. Spika zilikuwa zimeimeza sauti, lakini hakuihitaji. Yule binti wa kilemba alikuwa anarukaruka pembeni yake, anaonyesha moshi, anataka kufungua, na mkewe alikuwa anampiga kofi mkononi. Mapafu aliweza kuyasoma maneno kwa midomo tu: hafunui mtu watu wakicheza!

Aligeukia jukwaa. Kidole kikapanda mara moja zaidi.

* * *

Aliporudi, ngoma ya mwisho ilikuwa imekwisha gonga na beseni lilikuwa limeinuliwa. Moshi mweusi ulikuwa bado unazungukazunguka juu ya kona ile ya wavu.

"Babu, nilimwambia!" binti wa kilemba alilalamika. "Nilimwambia bibi wanaungua, akanipiga!"

Mkewe hakumwangalia binti. Alikuwa amemshika samaki mmoja mkia, na samaki alikuwa mweusi kichwa hadi pezi.

"Mapafu."

"Naam."

"Umezeeka hivyo na bado hujui njia ya kurudi nyumbani?"

"Bado."

"Nimegonga."

"Nimeona."

"Umeona!" Alimgeukia binti wa kilemba. "Unasikia? Kaona!" Kisha akamtazama tena mumewe, kwa muda mrefu, toka kwenye shati hadi viatu vilivyojaa vumbi, na Mapafu akaona usoni mwake kwamba jambo limeanza kumwelea. "Wa kwako huyu," alisema, lakini polepole. "Mle."

Mapafu akapokea. Tumbo lake lilikuwa limejaa pomoni, lakini alivunja kipande akatia mdomoni. Uchungu ulipanda hadi masikioni. Ulikuwa uleule. Vyote vilikuwa vimebadilika pale uwanjani, vyuma na spika na nyasi, na huo uchungu haukuwa umebadilika hata kidogo. Machozi yakamtoka, na safari hii hakuweza kusema ni ya samaki peke yake.

Mkewe alivuta pumzi. Alinyoosha mkono, akavunja kipande cha mkia, akakitia kinywani.

Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Mchungu," alisema.

Mapafu alimsogezea samaki karibu zaidi.

"Mchungu kwelikweli huyu." Akameza. Akavunja kingine, kikubwa zaidi, cha mgongoni. "Mjukuu, una chumvi? Na ndimu. Hapana, nipe yote, usinikatie."

Alikaa kwenye kigoda na sahani mapajani. Alikula ngozi nyeusi kwanza, akaitafuna kwa sauti, kisha akafuata nyama ya ndani na chumvi na ndimu, akichambua miiba na kuipanga ukingoni mwa sahani kama alivyofanya maisha yake yote. Mapafu alisimama nyuma yake kumzuilia jua, ingawa jua lilikuwa limeshuka na halikuwa na kazi tena. Binti wa kilemba aliacha wateja wake wakingoja, akatazama.

Fundi cherehani alifika na kuwakuta hivyo. Alikuwa na nyuzi nyeupe begani na mdomo umefunguka tayari kuuliza walikula nini. Aliona sahani. Akasimama palepale alipo, kama mtu aliyeona ndege ametua dirishani anaogopa asimwondoe. Baba yake alijiwekea kidole midomoni, kisha akamwonyesha kwa jicho: tazama, tazama tu.

Samaki wa kwanza alikwisha. Mkewe alimvuta wa pili, akamgeuza upande huu, akamgeuza upande ule, akamrudisha kwenye wavu.

"Huyu hajaungua vizuri," alisema, akamfunika tena kwa beseni. "Mapafu, usisimame hapo kama nguzo. Wale vijana wanakwenda kunywa maji. Kawaambie wakirudi wazunguke tena."